CT-Scan: picha huharibika kabla kompyuta haijaanza hesabu

Mashine ya CT-Scan haipigi picha kama eksirei ya kifua inavyopigwa. Inapima mionzi iliyofanikiwa kutokea upande wa pili wa mwili, pembe baada ya pembe, kisha kompyuta inatafuta ni mwili wenye nini ndani yake ungeweza kutoa vipimo hivyo. Mzunguko mmoja wa tyubu inayotoa mionzi kwenye mashine za kawaida hupima kutoka pembe zipatazo 1,000, na safu moja ya vipokezi ina vipokezi karibu 900. Hapo tayari una namba zinazokaribia 900,000 kwa safu moja tu, na mashine za sasa zina safu 16, 64 au zaidi.

Miaka ya karibuni mashine hizi zimesogea karibu na watu wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na mazungumzo mengi yamekuwa juu ya idadi ya slaisi (vipande vya picha) na akili mnemba. Vyote viwili vina maana. Lakini kwa mtu anayelala kwenye kitanda cha mashine leo, Mbeya au Iringa, ubora wa picha yake unaamuliwa zaidi na mambo yaliyofanyika kabla hesabu haijaanza: amelazwa wapi, ametulia kiasi gani, vipokezi vimekalibriwa (kusahihishwa usomaji wake) lini. Ukielewa hesabu yenyewe inavyokwenda utaona kwa nini.

Vyumba vinne kwenye karatasi

Chukua karatasi, chora mraba wenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Ndani kuna namba usizozijua. Unachojua ni jumla zake. Safu ya juu ina jumla ya 12, ya chini 8. Vyumba vya kushoto vina jumla ya 11, vya kulia 9. Mshazari wa kutoka juu kushoto kwenda chini kulia una 7, na mshazari wa pili una 13.

Anza kwa kukisia. Jumla yote ni 20, basi weka 5 kila chumba. Safu ya juu sasa ina 10 wakati kipimo kinasema 12. Pungufu ni 2, kwa hiyo ongeza 1 kwa kila chumba. Safu ya chini imezidi kwa 2, punguza 1 kwa kila chumba. Una 6 na 6 juu, 4 na 4 chini. Nenda kwa wima: kushoto una 10 na kipimo ni 11, ongeza nusu nusu, kulia punguza nusu nusu. Juu ni 6.5 na 5.5, chini ni 4.5 na 3.5. Malizia na mishazari: wa kwanza una 10 na kipimo ni 7, punguza 1.5 kwa kila chumba. Wa pili una 10 na kipimo ni 13, ongeza 1.5. Unabaki na 5 na 7 juu, 6 na 2 chini. Jumlisha tena pande zote, jumla zote sita zinakubali.

Sasa tuseme kipokezi kimoja kimesoma 8 badala ya 7 kwenye mshazari wa kwanza. Kwa hatua zilezile utapata 5.5 na 7 juu, 6 na 2.5 chini, na safu ya juu itatoa 12.5. Vipimo vimeanza kubishana, na hakuna jibu litakaloviridhisha vyote. Kompyuta itakupa picha hivyohivyo, ila kosa la kipokezi kimoja limeshaingia kwenye jumla za vyumba ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Dosari karibu zote za picha za CT-Scan, michirizi, pete na vivuli vya uongo, ni vipimo vinavyobishana.

Hisabati ya kazi hii ilithibitishwa na Johann Radon mwaka 1917, zamani kabla ya kompyuta. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hili akiwa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alichapisha njia yake mwaka 1963 na 1964. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alijenga mashine, na mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Picha zile zilikuwa na pikseli 80 kwa 80. Za leo ni 512 kwa 512. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hesabu ya mashine ile ya kwanza ilikuwa ya kukisia na kusahihisha, ndugu wa ile tuliyofanya kwenye karatasi.

Baadaye njia nyingine ikatawala kwa sababu ya kasi yake. Kila kipimo kinapitishwa kwanza kwenye kichujio cha hesabu, kisha kinasambazwa kurudi kwenye mstari wote ambao mionzi ilipita. Bila kichujio, kila nukta ingezungukwa na ukungu. Kichujio kinaondoa ukungu lakini kinakuza chenga, yaani vidoa vya mchangamchanga vinavyovuruga picha. Ndiyo maana kwenye mashine unachagua keneli, yaani aina ya kichujio hicho: kali kwa mifupa na mapafu, laini kwa ubongo na ini. Damu kidogo kwenye ubongo ukiitafuta kwa keneli ya mfupa utaipoteza ndani ya chenga, na ufa mwembamba wa fuvu ukiutafuta kwa keneli laini utaona mfupa mzima usio na kasoro. Majeruhi wa bodaboda anahitaji zote mbili, na hahitaji kupigwa mionzi mara mbili. Data ghafi ni moja, inajengwa upya kwa keneli ya pili.

Fotoni (chembe za mionzi) zinazofika ni chache

Kwa mionzi ya 120 kV (volteji ya tyubu), maji yenye unene wa sentimita 20 hupitisha takriban fotoni 2 katika kila 100. Unene wa sentimita 30 hupitisha 3 katika 1,000. Wa sentimita 40 hupitisha 5 katika 10,000. Kompyuta huchukua logi ya namba hizo, na namba ikikaribia sifuri logi yake inayumba vibaya. Hapo ndipo inapotoka michirizi inayokatiza bega hadi bega au nyonga hadi nyonga, na ndiyo sababu mikono inapandishwa juu ya kichwa unapopima tumbo. Ikiachwa ubavuni, mionzi inapaswa kupita tumbo pamoja na mifupa ya mikono miwili.

Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha mionzi: ukitaka zipungue nusu, ongeza mAs (kiasi cha mionzi ya tyubu) mara nne. Vilevile ukipunguza unene wa slaisi kutoka milimita 5 hadi 1.25, chenga zinakuwa mara mbili. Kiwango kinachoonyeshwa kwenye ripoti ya dozi usikiache bila kukisoma. Kichwa cha mtu mzima chenye DLP (jumla ya dozi ya kipimo chote) ya 1,000 mGy·cm, ukizidisha kwa 0.0021, ni takriban 2.1 mSv, kizio cha athari ya mionzi mwilini. Kifua chenye DLP ya 400, ukizidisha kwa 0.014, ni 5.6 mSv. Kumrudisha mgonjwa mezani kwa sababu alijitikisa ni kumwongezea kiasi hicho tena, na mara nyingi kosa lingezuilika kwa dakika mbili za maandalizi.

Katika maandalizi, jambo linalodharauliwa zaidi ni kumlaza mgonjwa katikati ya gantri, lile duara la mashine linalouzunguka mwili. Mbele ya tyubu kuna kichujio cha chuma au plastiki chembamba katikati na kinene pembeni, kilichochongwa kwa kudhani kwamba sehemu nene ya mwili iko katikati kabisa. Kitanda kikiwa chini kwa sentimita 4 au 5, sehemu nene ya mwili inapata mionzi iliyokwisha kupunguzwa. Tatizo la pili linafuata palepale: kama picha ya mwongozo, ile ya awali ya kupangia kipimo, imepigwa tyubu ikiwa juu, mgonjwa aliyelazwa chini mno anaonekana mdogo kuliko alivyo, mashine inampa miliampea pungufu, na picha inakuja na chenga. Aliyelazwa juu mno anaonekana mkubwa na anapewa dozi isiyo ya lazima. Tyubu ikiwa chini, mambo yanageuka. Tazama mwanga wa leza ubavuni, siyo juu tu. Mstari wa pembeni upite nusu ya unene wa kichwa au tumbo, kisha ndipo upige mwongozo.

Juni na Julai kuna la ziada huku kwetu kwa sababu ya baridi. Mgonjwa anaingia na sweta, koti lenye zipu na kilemba chenye pini, na kwa huruma anaachiwa avilalie. Zipu na pini hutoa michirizi inayofunika hasa mahali daktari anapotaka kuona. Mvue, mpe blanketi lisilo na vifungo vya chuma. Hereni, vibanio vya nywele, shanga za chuma kwenye misuko na meno ya bandia yanayotoka vitolewe kabla hajalala.

Kujitikisa ni mabishano ya vipimo kwa uwazi kabisa: nusu ya pembe zinaeleza kichwa kilichokuwa hapa, nusu nyingine kichwa kilichosogea. Mkanda wa paji la uso, sponji pande zote za kichwa, na maelezo kwa lugha anayoielewa mgonjwa, Kinyakyusa au Kihehe ikibidi, vinafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya kusahihisha mwendo.

Pete, kivuli cheusi, na baridi ya asubuhi

Pete kwenye picha ina maana kipokezi kimoja kinasoma tofauti na jirani zake. Kwa kuwa kipokezi kinazunguka pamoja na tyubu, huwa kinatazama umbali uleule kutoka katikati, na kosa lake linachora duara. Pete ndogo iliyoangukia katikati ya shina la ubongo inaweza kusomwa kama ugonjwa. Kwanza futa kidirisha cha plastiki kinachozunguka ndani ya tundu la gantri kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Tone la dawa ya kontrasti lililokauka hapo linatosha kuleta alama. Kisha rudia kalibresheni ya hewa, gantri ikiwa tupu. Pete ikibaki, mwite fundi.

Utepe mweusi unaokatiza kati ya mifupa miwili ya masikio, juu ya shina la ubongo na ubongo mdogo, hauna uhusiano na kipokezi kibovu. Mfupa mnene unameza fotoni zenye nguvu ndogo na kuacha zenye nguvu kubwa, lakini hesabu inadhani mionzi haijabadilika, basi inaipa tishu namba ya chini kuliko halisi. Daktari asiyeuzoea utepe huo anaweza kuandika kiharusi. Slaisi nyembamba eneo hilo hupunguza tatizo, ingawa haziliondoi.

Vipokezi na elektroniki zake hubadilika na joto, na asubuhi ya Mbeya au Njombe chumba kinaweza kuwa baridi kuliko kilivyokalibriwa. Usizime gantri usiku ili kuokoa umeme. Ikizimwa kabisa inahitaji saa kadhaa kurudi kwenye joto lake la kazi, na hadi hapo namba zinatangatanga. Tyubu iliyokaa muda mrefu bila kazi ipashwe moto kwa utaratibu wa mashine kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa sababu kuipiga mzigo mkubwa ikiwa baridi kunaweza kuipasua anodi, na tyubu ni kati ya vipuri ghali kuliko vyote. UPS (betri ya akiba ya umeme) iwe na uwezo wa kumaliza angalau mgonjwa aliye mezani. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, data iliyokuwa bado inakusanywa inapotea na dozi imeshaingia mwilini.

Baada ya kalibresheni ya hewa, piga fantomu ya maji (chombo cha majaribio kilichojaa maji) kila siku. Kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyozuia mionzi, maji ni 0 na hewa ni −1,000. Weka duara la kupimia katikati, kisha manne pembeni: juu, chini, kushoto na kulia. Wastani wa katikati ukizidi tofauti ya 4 au 5 kutoka sifuri, au pembeni kukitofautiana na katikati kwa kiasi hicho, usianze na wagonjwa. Andika pia namba ya mtawanyiko, maana ndiyo chenga zenyewe, na uilinganishe na ya siku mashine ilipopokelewa. Daftari hili linasaidia sana wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomu wanapokuja, lakini faida yake kubwa ni kukuonyesha tyubu inayochoka wiki kadhaa kabla haijafa.

Slaisi nene zinapodanganya

Katika mikoa ya Mbeya na Songwe, Mbozi hasa, tegu wa nguruwe ni tatizo linalojulikana, na mabuu yake yakiingia kwenye ubongo huleta kifafa kinachoanza ukubwani. (Ugonjwa huo wa ubongo unatokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu aliye naye, asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuupata.) Mabuu yaliyokufa huacha vidoa vya chokaa vya milimita chache, na CT-Scan inaviona vizuri, ikiwa slaisi inaruhusu.

Fanya hesabu. Kidoa chenye unene wa milimita 1 na namba ya 200, ndani ya slaisi ya milimita 5 ambayo sehemu iliyobaki ni ubongo wa 35: moja ya tano ya 200 ni 40, nne ya tano ya 35 ni 28, jumla 68. Hiyo ni namba ya damu mbichi. Mtu ana chokaa ya miaka mingi, ripoti inasema damu. Kwa slaisi ya milimita 1 kidoa hichohicho kinasoma karibu 200 na hakuna ubishi. Kichwa cha buu hai ndani ya kifuko chake cha maji kina hali mbaya zaidi: milimita 1 yenye 40 ndani ya maji ya 5 inasoma 12 kwenye slaisi nene, na kwa chenga za kawaida hakionekani kabisa.

Upande wa pili, kiharusi cha mapema kinatafutwa kwenye tofauti ndogo kati ya sehemu ya kijivu na nyeupe ya ubongo, kama namba 10 tu, na slaisi nyembamba yenye chenga nyingi inaificha. Kwa hiyo jenga seti mbili kutoka data moja: milimita 5 laini na milimita 1 au 1.25. Fanya hivyo mgonjwa akiwa bado hospitalini, kwa sababu data ghafi hufutwa na mashine yenyewe diski ikijaa, mara nyingi ndani ya siku chache. Baada ya hapo slaisi nene hazigeuki nyembamba.

Hesabu mpya na mipaka yake

Kompyuta zilipopata nguvu, karibu mwaka 2009, njia ya kukisia na kusahihisha ilirudi, safari hii ikiwa na takwimu ndani yake. Inajua kwamba kipimo cha fotoni chache hakiaminiki kama cha fotoni nyingi, hivyo inakipa uzito mdogo. Kwenye vyumba vyetu vinne, ule mshazari uliosoma 8, kama ungekuwa wa fotoni chache, ungepewa sauti ndogo kuliko zile jumla nyingine. Chenga zinapungua bila kuongeza mionzi. Mashine nyingi hukupa ngazi za kuchagua. Kwa ubongo, ngazi ya kati ndiyo ninayoipendekeza. Ukipandisha hadi mwisho, picha inakuwa laini mno, ya plastiki kama wengi wanavyoiita, na vidoa vidogo vyenye tofauti hafifu vinalainishwa pamoja na chenga.

Mwaka 2019 nchini Marekani ziliidhinishwa njia za akili mnemba, AiCE ya Canon na TrueFidelity ya GE. Hizi zimefundishwa kwa mifano mingi ya picha bora, na zinatoa picha yenye sura ya asili zaidi kuliko zile za kukisia na kusahihisha. Nazikubali, kwa sharti moja: hospitali inayoziwasha ipime kwanza fantomu yenye vidoa vidogo kwa dozi inayokusudia kutumia, na kwa miezi ya mwanzo ihifadhi pia seti ya njia ya zamani kwa wagonjwa wa kifafa. Programu iliyofundishwa kwa picha za nchi ambako tegu wa ubongo ni nadra haipaswi kuaminiwa Mbozi kwa neno la muuzaji.

Septemba 2021 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya kuhesabu fotoni mojamoja, NAEOTOM Alpha ya Siemens. Vipokezi vya kawaida hugeuza eksirei kuwa mwanga kwanza, kisha mwanga kuwa umeme. Hii hutumia kadimiamu teluraidi, ambayo hugeuza eksirei kuwa umeme moja kwa moja, inahesabu kila fotoni na kupima nguvu yake, na inakata kelele za elektroniki kwa kuweka kizingiti. Vipokezi vyake ni vidogo, hadi milimita 0.2 katikati ya gantri. Ni hatua kubwa kweli. Lakini fedha ikipatikana leo huku kwetu, ningeiweka kwanza kwenye UPS nzuri, mkataba wa matengenezo wenye tyubu ndani yake, na fundi anayefika siku hiyohiyo.

Na picha ikishajengwa vizuri, bado inaweza kuuawa njiani. Kutoka Makete, Kyela au Sumbawanga picha hutumwa kwa daktari bingwa kwa WhatsApp, zimepigwa na simu kwenye skrini. Kila pikseli ya CT-Scan ina namba kati ya takriban −1,024 na 3,071. Skrini inaonyesha ngazi 256 za kijivu, zile tu zilizo ndani ya dirisha ulilofungua, yaani kipande cha namba ulichochagua kuonyesha. Dirisha la ubongo lina upana wa 80 na kitovu cha 40, kwa hiyo kila kilicho juu ya 80 ni cheupe kilekile, chokaa na mfupa pamoja, na anayepokea hawezi kubadilisha. Hawezi pia kuweka duara na kusoma 68 au 200.

Tuma faili la DICOM (picha halisi ya mashine pamoja na namba zake) lenyewe baada ya kuondoa jina la mgonjwa. Slaisi moja ni kama nusu megabaiti. Kichwa cha slaisi 32 za milimita 5 ni MB 16, na seti ya milimita 1 yenye slaisi 160 ni kama MB 80, kabla ya kubanwa. Mtandao ukigoma, tuma seti nene nzima kwanza, kisha slaisi nyembamba za eneo lenye mashaka tu, na uandike kV, unene na keneli. Ikibidi kabisa kutumia simu, piga slaisi ileile mara tatu: dirisha la 80 kwa 40, la 200 kwa 75 kwa ajili ya damu iliyokaa chini ya fuvu, na la 2,500 kwa 500 kwa ajili ya mfupa, huku duara la kupimia likiwa juu ya kidoa na namba yake ikisomeka.